Sentensi Kwanza, Bango Baadaye: Kuandaa Mawasilisho ya Kongamano la Sayansi

Kila msimu wa makongamano unapokaribia, wanafunzi wa uzamili na watafiti chipukizi wa hapa Mombasa hunijia na ombi moja: wanataka kiolezo cha bango, ile karatasi kubwa ya kueleza utafiti inayobandikwa ukumbini, au slaidi za mtu mwingine ambazo watazibadilisha jina na picha. Ninawaelewa, kwa sababu wakati huo muda umewabana, msimamizi anaulizia kila siku, na barua ya kukubaliwa imeshafika ikitaja vipimo vya bango na dakika za kuzungumza. Hata hivyo, kiolezo huwa sikitoi kwanza. Huwaomba waniambie kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, wamegundua nini. Wengi hunieleza walichofanya: walipima, walikusanya, walilinganisha. Nililouliza silo hilo, na tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo inayoamua kama bango litasomwa na kama hotuba itakumbukwa baada ya kikao kuvunjika.

Ninawaandikia hasa watu wa sayansi za bahari, kwa kuwa ndio ninaofanya nao kazi na kwa kuwa ukanda huu una wengi wao. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina makao yake makuu Mkomani, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, si mbali kwa matatu. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye ofisi zake Zanzibar, huandaa kongamano lake kuu katika nchi mbalimbali za eneo hili, na Mombasa imelipokea mwaka 2011 na tena mwaka 2025. Kongamano la namna hiyo linapofanyika nyumbani, mwanafunzi asiye na fedha za tiketi ya ndege hupata nafasi ya kusimama mbele ya watu ambao majina yao ameyasoma tu kwenye majarida. Nafasi hiyo inastahili maandalizi yaliyoanza mapema kuliko wiki ya kuchapisha.

Turudi kwenye sentensi. Chukua mfano wa malema, ile mitego ya samaki yenye umbo la kikapu. Wavuvi wa Pwani wametega malema ya kusuka tangu enzi, na watafiti wamejaribu kuyawekea mianya ya kutorokea ili samaki wachanga na wembamba watoke kabla mtego haujapandishwa. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa katika maji ya ndani ya mwamba yanayovuliwa sana, ulionyesha kwamba mianya hiyo ilipunguza samaki wasiokusudiwa huku ukubwa wa samaki na kipato vikiongezeka. Sasa mwanafunzi anayefanya kazi ya aina hii anaweza kuandika kichwa kisemacho: “Tathmini ya Athari za Mianya ya Kutorokea kwa Muundo wa Samaki Wanaovuliwa kwa Malema.” Sarufi yake ni safi, lakini msomaji humaliza mstari wote bila kujua kilichotokea. Linganisha na hiki: “Malema yenye mianya yalinasa tafi wakubwa zaidi bila kumpunguzia mvuvi kipato.” Tafi ni aina ya samaki wa mwambani. Kichwa cha pili kimebeba matokeo, kinaweza kubishiwa, na hata anayepita mbio akiwahi chai ameondoka na kitu mkononi.

Wapo wasimamizi wanaokipinga kichwa cha namna hii, wakisema kwamba kinajivuna au kinatangaza uamuzi kabla ya ushahidi. Naiheshimu tahadhari yao, na pale ambapo matokeo ni dhaifu nakubaliana nao kabisa; lakini matokeo yakiwa thabiti, kuyaficha nyuma ya neno “tathmini” ni kumnyima msomaji haki yake. Aidha, ikisiri hutumwa miezi kadhaa kabla ya kongamano, mara nyingi data zikiwa hazijakamilika, hivyo kichwa kilichomo kwenye ratiba kinaweza kubaki kile cha zamani. Hilo halizuii sentensi ya matokeo kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango lenyewe, chini ya kichwa rasmi, wala halizuii kuisema katika dakika ya kwanza ya hotuba.

Sentensi ikishapatikana, mimi hushauri ipelekwe diko, pale vyombo vya uvuvi vinapoteremsha samaki, kabla ya kupelekwa kongamano. Simaanishi ile ziara ya heshima inayofanywa mradi ukiisha, ambapo watafiti hugawa soda na kupiga picha. Ninamaanisha kwamba wavuvi, mama karanga wanaokaanga na kuuza samaki, na wapimaji wa samaki ndio wasikilizaji wa kwanza wenye ujuzi wa kuikosoa kazi, na kuwapita ni kujinyima mapitio bora yasiyo na malipo. Kanuni za mwaka 2007 zilivipa vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo kila mtu huviita BMU, nafasi rasmi ya kusimamia madiko pamoja na serikali, kwa hiyo mlango wa kupitia upo: mwenyekiti wa BMU huombwa siku, siku hupangwa baada ya samaki kuuzwa, na mtafiti huja na grafu yake imechapishwa kwenye karatasi ya A3, bila projekta na bila jenereta.

Niliwahi kuandamana na mwanafunzi mmoja katika zoezi hilo, na lililotokea hapo limebaki kuwa mfano ninaoutumia kila mara. Grafu yake ilikuwa na nguzo mbili tu: urefu wa wastani wa tafi walionaswa na malema ya kawaida, na urefu wa wastani wa tafi walionaswa na malema yenye mianya. Nguzo ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na alikuwa ameizoea kiasi cha kuamini kwamba imejieleza. Wavuvi walikuwa wameketi kivulini, na mzee mmoja alikuwa akirekebisha mdomo wa lema lake. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akauliza bila kuacha kazi:

“Mwanangu, hawa umewapima bamvua au maji mafu?”

“Siku zote, mzee. Nimewachanganya pamoja.”

“Siku zote si mamoja. Bamvua maji yanakwenda kwa nguvu, samaki hatulii, hata lema lenyewe huweza kugeuka. Ukichanganya hivyo utajuaje kama ni mwanya uliofanya kazi au ni maji?”

Katika bandari ya Kilindini tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4 wakati wa bamvua kubwa, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, ilhali katika maji mafu, siku za nusu mwezi, hupungua sana. Kwa hiyo mzee hakuwa akileta hadithi, bali alikuwa amelenga udhaifu wa sampuli kwa usahihi ambao mhakiki wa jarida angeufurahia. Kwa bahati njema daftari la mwanafunzi lilikuwa na tarehe ya kila lema lililopandishwa. Akachukua majedwali ya maji, akazitenga siku za bamvua na siku za maji mafu, akachora upya. Tofauti ilibaki kuwepo katika makundi yote mawili, ingawa ilijitokeza vizuri zaidi wakati wa maji mafu. Grafu mpya haikuwa tena na nguzo mbili; ilikuwa na nukta, kila nukta lema moja, rangi mbili kwa hali mbili za maji. Wavuvi pia walimuuliza habari za sentimita, kwa sababu wao huhesabu kwa kilo na shilingi, naye akaongeza grafu ndogo ya uzito na thamani kwa kila lema. Alipofika kongamano, mazungumzo mbele ya bango lake yaliingia moja kwa moja katika kuzaliana kwa tafi na awamu za mwezi, bila kukwama kwenye mashaka kuhusu namna alivyokusanya data.

Baada ya hapo ndipo bango lenyewe huanza. Mabango si desturi ya kale katika sayansi. Marekani, kwa mfano, kikao cha mabango kilianza kutumika mwaka 1974 katika mkutano wa wanabiokemia na wanabiofizikia mjini Minneapolis, ikiwa ni njia ya kuwapa nafasi watu wengi ambao kumbi na saa zisingewatosha. Asili hiyo inaeleza kwa nini bango bado huonwa na baadhi ya watu kama daraja la pili, kitu anachopewa aliyekosa nafasi ya kuzungumza. Mimi naliona kinyume. Mwenye hotuba hupata watu wengi kwa dakika chache na swali moja au mawili. Mwenye bango hupata watu wachache kwa muda mrefu, ana kwa ana, na wale wanaosimama wamesimama kwa hiari yao. Kwa mwanafunzi anayetafuta msimamizi wa uzamifu au mshirika wa utafiti, ningemchagulia bango bila kusita.

Anayevaa kanga hulichagua jina, yaani maneno yaliyoandikwa, kabla ya kutazama mji wa katikati na pindo, na bango nalo husomwa kwa mpangilio huo: maneno machache makubwa kwanza, picha ya katikati baadaye, na yaliyo pembeni kwa atakayepata nafasi. Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Michigan State, alisambaza video iliyopendekeza muundo wa namna hiyo: matokeo makuu yaandikwe katikati kwa lugha nyepesi na herufi kubwa mno, maelezo yabanwe pembeni, na msimbo wa QR umpeleke msomaji kwenye makala kamili. Muundo huo umeenea sana na umesaidia wengi kuacha kubandika makala nzima ukutani. Nakubaliana nao nusu. Sentensi kubwa naitaka, lakini sitaki iifukuze grafu, kwa sababu mtaalamu anayesimama mbele ya bango la uvuvi au la mikoko hutafuta data kwa macho yake kabla ya kuamini maneno ya mtu. Bango ninalolipenda lina sentensi moja juu, grafu moja kubwa katikati ambayo mtu anaweza kuisoma akiwa mita mbili, ramani ndogo, na maelezo yasiyozidi maneno mia nne.

Ukubwa wa kawaida ni A0, yaani sentimita 84.1 kwa 118.9, na kuna jaribio rahisi ambalo kila mwenye bango anapaswa kulifanya kabla ya kulipa fedha ya mchapishaji. Lichapishe kwenye A4 ya kawaida. Kwa kuwa kila upande wa A4 ni robo ya upande wa A0, herufi ya pointi 24 hushuka hadi pointi 6, ambayo jicho zima bado huweza kuisoma kwa shida kidogo. Ikiwa kuna maandishi usiyoweza kuyasoma kwenye A4 hiyo, basi msomaji aliyesimama mbele ya bango kamili hatayasoma pia, na mara nyingi hayo ni maandishi ya mihimili ya grafu, kwa sababu grafu huletwa kutoka programu ya takwimu na kupachikwa bila kukuzwa maandishi yake. Nimeyaona mabango mengi mazuri yaliyoharibiwa na mihimili isiyosomeka kuliko yaliyoharibiwa na rangi mbaya.

Rangi nazo zina hesabu yake. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, takriban mwanamume mmoja kati ya kumi na wawili hutofautisha nyekundu na kijani kwa taabu, kwa hiyo mistari miwili ya rangi hizo inaweza kuwa mstari mmoja machoni pa mgeni muhimu. Buluu na chungwa hufanya kazi vizuri zaidi, na maumbo tofauti ya nukta huongeza usalama. Jina la kila kundi liandikwe kando ya mstari wake, si kwenye kisanduku cha mbali ambacho hulazimisha jicho kwenda na kurudi. Mistari midogo ya juu na chini ya wastani ielezwe kama ni mkengeuko sanifu (SD), kosa sanifu (SE) au kipindi cha uhakika cha asilimia 95 (CI), kwa kuwa vitu hivyo vitatu havifanani na msomaji hawezi kubahatisha. Idadi ya sampuli iandikwe palepale. Ramani iwe na kipimo cha umbali, na iandikwe Gazi au Kuruwitu kwa herufi zinazoonekana, kwa sababu mgeni kutoka Madagaska au Afrika Kusini hajui Gazi iko upande gani wa Mombasa.

Uchapishaji hapa mjini hauna taabu kwa anayewahi. Maduka yenye mashine za mabango makubwa yapo, na karatasi zao za roli zenye upana wa inchi 36 hutosha A0. Peleka faili la PDF, si faili la programu uliyotengenezea, kwa kuwa fonti hubadilika kwenye kompyuta ya duka na mistari husogea. Omba kipande kidogo kichapishwe kwanza, kwa sababu buluu ya bahari inayong'aa kwenye kioo hutoka nzito na yenye kiza kwenye wino. Jambo jingine ambalo watu wa bara hawalijui ni unyevu wetu: karatasi iliyokaa usiku mzima chumbani bila kufungwa hujikunja pembe, na asubuhi haikubali kutulia ubaoni. Kitambaa hustahimili zaidi, hukunjwa na kutiwa mkobani, na humwondolea anayevuka Likoni kazi ya kulinda bomba refu katikati ya umati wa feri. Kabla ya kuchapisha, soma tena maelekezo ya waandaaji uhakikishe kama ubao ni wa wima au wa mlalo.

Mbele ya bango kuna adabu yake. Simama pembeni, usilizibe. Msalimu anayefika, mwache asome kidogo, kisha umuulize kama angependa umweleze kwa kifupi. Uwe na maelezo ya dakika moja na mengine ya dakika tano, yote mawili yakianza na ile sentensi. Vijana wetu wa Pwani wamelelewa kwa heshima, na heshima hiyo naipenda, lakini nimeona ikiwafunga midomo: profesa mzee akifika, mwanafunzi humwamkia shikamoo, hushusha macho, na kuanzia hapo profesa ndiye anayelieleza bango kwa mwenye bango. Kumheshimu mkubwa hakumzuii mtu kusema, kwa sauti ya kusikika, “Hapana profesa, siku hizo tulizitenga, matokeo yake ni haya hapa.” Kazi ni yako, uliyeloa ni wewe, na anayejua kilichotokea kila siku ya kazi ni wewe. Daftari dogo liwe mkononi, maana jina la mtu na makala aliyoitaja husahaulika kabla ya jioni.

Hotuba ina masharti mengine, na kubwa kuliko yote ni muda. Dakika kumi na tano zilizoandikwa kwenye ratiba kwa kawaida ni kumi na mbili za kuzungumza na tatu za maswali. Kwa mwendo wa maneno 130 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kueleweka kwa Kiingereza mbele ya watu wa nchi nyingi, dakika kumi na mbili hutosha maneno yasiyofika 1,600. Mtu akiyaandika maneno hayo yote ataona jinsi yalivyo machache, na ataelewa kwa nini hawezi kueleza sura nne za tasnifu. Anayezidisha muda hajidhulumu mwenyewe tu. Anakula dakika za anayemfuata, ambaye huenda naye ni mwanafunzi anayezungumza kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti wa kikao anapoinua kadi ya dakika moja, hotuba iliyoandaliwa vizuri iko tayari kwenye slaidi ya mwisho.

Mazoezi ninayoyaamini huanza kwa ufupi kuliko urefu unaotakiwa. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia kilianzisha shindano la kueleza utafiti wa uzamifu kwa dakika tatu na slaidi moja isiyo na mwendo, na zoezi hilo hulifaa kila wasilisho. Anayeweza kuieleza kazi yake kwa dakika tatu huongeza data hadi zifike kumi na mbili, na huwa anajua kila slaidi inaongeza nini. Anayeanza na slaidi arobaini hulazimika kupunguza, na kupunguza kunauma, hivyo hupunguza kwa kuzungumza haraka. Fanya mazoezi ukiwa umesimama, saa ikiwa inahesabu, mbele ya mtu wa fani nyingine na, ikiwezekana, mara ya kwanza kwa Kiswahili. Nimeona mara nyingi kwamba mwanafunzi anayejikwaa kwa Kiingereza hujikwaa mahali palepale kwa Kiswahili, na hapo hujulikana kwamba tatizo si lugha bali ni hoja ambayo haijakaa sawa. Hoja ikinyooka, Kiingereza nacho hunyooka. Sentensi ya kwanza na ya mwisho zihifadhiwe kwa moyo. Zilizobaki zisemwe, zisisomwe wala zisikaririwe.

Grafu inapoonekana ukutani, wasikilizaji huacha kusikiliza na kuanza kuisoma, na mzungumzaji mwenye hekima huisoma pamoja nao. Aseme mhimili wa chini ni nini, mhimili wa wima ni nini, kila nukta inawakilisha nini, na baada ya hapo aeleze anachotaka waone. Maelezo hayo huchukua sekunde chache ambazo watu wengi huziruka, wakisema “kama mnavyoona” kwa watu ambao bado hawajaona. Slaidi ya yaliyomo, ile inayotangaza kwamba kutakuwa na utangulizi, mbinu, matokeo na hitimisho, iondolewe. Kila hotuba ya sayansi ina mambo hayo. Vilevile slaidi ya mwisho isiwe neno “Asante” juu ya picha ya machweo. Slaidi hiyo hubaki ukutani kwa muda wote wa maswali, kwa hiyo ibebe matokeo makuu na ile sentensi.

Kuhusu vyombo nitasema machache. Kumbi za hoteli za Nyali na Bamburi mara nyingi zina madirisha mapana na mwanga mkali, kwa hiyo maandishi meusi juu ya nyeupe huonekana kuliko mapambo ya kiza. Faili lipelekwe siku moja kabla, likiwa na nakala ya PDF kwenye flashi, na lifunguliwe kwenye kompyuta ya ukumbi mbele ya macho yako, hasa kama lina video.

Maswali ndiyo sehemu inayoogopwa zaidi na inayofundisha zaidi. Kwanza msikilize muulizaji hadi mwisho, hata kama umeshajua anakokwenda. Pili, lirudie swali kwa ufupi ili ukumbi wote ulisikie na ili upate pumzi. Tatu, jibu kwa kadiri data zako zinavyofika na usivuke hapo. Mtu akiuliza kama matokeo ya diko moja yanaweza kutumika Lamu au Vanga, jibu la heshima ni kwamba ulipima diko moja, kwamba Lamu malema hayatumiki kwa namna ileile au mwamba ni tofauti ikiwa unalijua hilo kwa hakika, na kwamba kipimo kinachohitajika ili kujua ni hiki na hiki. Jibu la namna hiyo humwonyesha mtafiti anayejua mipaka ya kazi yake, na wataalamu wakubwa hulipokea vizuri kuliko ujasiri usio na msingi. Slaidi za akiba ziwekwe baada ya ile ya mwisho: jedwali la takwimu, grafu ya msimu wa kaskazi na wa kusi, picha ya karibu ya mwanya wenyewe. Swali likija na jibu likawa tayari ukutani, ukumbi hutambua kwamba aliyesimama ameifikiria kazi yake kwa undani.

Huja pia muulizaji ambaye haulizi, bali anahutubia. Usimkatize na usishindane naye. Mshukuru kwa hoja yake, chagua sehemu moja unayoweza kuijibu, na umkaribishe mzungumze nje. Mwenyekiti atafanya yaliyobaki.

Jioni ya siku hiyohiyo andika maswali yote uliyoulizwa, kwenye bango na kwenye hotuba, kabla hayajachanganyika. Hayo ndiyo maswali ya wahakiki wa makala utakayoiandika, nawe umeyapata bure na mapema. Waliokuomba nakala watumie wiki hiyo, maana ukichelewa watakuwa wamesahau hata sura yako.

Na bango la Kiswahili litengenezwe. Lisiwe bango lilelile lililobadilishwa maneno, bali lichorwe upya kwa ajili ya banda la BMU: herufi kubwa zaidi, kilo na shilingi mahali pa sentimita, bamvua na maji mafu yakitajwa kwa majina yake, na majina ya waliosaidia kupima yakiandikwa kwa ridhaa yao, kama vile picha zao zinavyotumiwa kwa ridhaa yao. Lichapishwe kwenye turubai la plastiki, kwani karatasi haimalizi msimu ufukweni. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ada ya kongamano, lakini kwa kawaida hukosekana kwa sababu haikuandikwa kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, kwa hiyo iandikwe humo siku ombi la ufadhili linapoandaliwa. Wakati mzuri wa kulipeleka ni kusi kali, kati ya Juni na Agosti, bahari inapochafuka na vyombo vidogo vingi vikabaki pwani, kwa kuwa ndipo wavuvi wanapokuwa na nafasi ya kuketi, kulisoma na kulibishia.